Bahari ya Jeddah Isiyokupwa

Kabla ya yote niwataje waliokuwepo, maana hapa Mkwiro kila mtu ana hadithi yake ya safari yangu, na wanaosimulia sana ndio wasiokuwepo.

Nilikuwepo mimi, Mwanakombo binti Hamisi. Alikuwepo mwanangu wa tatu, Mwanamkasi, ambaye ndiye aliyenifungisha safari. Alikuwepo Madam Hessa, mwenye nyumba anakofanya kazi Mwanamkasi, na mumewe Abu Lulwa. Huyo Abu Lulwa ndiye kafili, na kafili asipotia saini mfanyakazi hatoki nchi ile hata awe na tiketi mkononi. Walikuwepo binti zao, Lulwa wa miaka tisa na Jood wa miaka mitatu. Dereva wao alikuwa Mutiso, Mkamba wa Machakos, Mkristo, na huo Ukristo wake mtauona mbele ulivyonizungusha. Baharini tulimkuta Kapteni Sherif, Mmisri, mwalimu wa kuzamia. Ndio hao tu. Salim, mwanangu wa kwanza, mwenye kazi ya ofisini Riyadh, ndiye aliyenialika, lakini baharini hakwenda, kwa hivyo msimsumbue kwa simu kumuuliza alichokiona.

Bi Riziki, na wewe Mwanatumu, na wengine mlionijia hapa kibarazani kuniuliza kwa nini nimerudi peke yangu: kila mmoja nilimjibu nusu, kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira ninayo bado. Lakini sasa nimechukua daftari. Shule niliacha darasa la tatu kwa Mwalimu Juma Bakari, basi herufi zikipinda msinicheke. Majina hayajanipotea hata moja.

Mkwiro mpaka Al-Murabba

Habari za pasi na viza siwaelezi. Zilinichosha mara moja na inatosha.

Mwanamkasi alikwenda Riyadh kwa miaka miwili. Ndivyo alivyoniambia hapa mlangoni, Zuhura binti yake yuko mgongoni mwangu amelala, naye ana miaka miwili tu. Ikaisha hiyo miaka. Nikaambiwa baada ya Idi. Idi ikapita. Nikaambiwa madam ana mtoto mchanga, angoje mtoto aachishwe ziwa. Mtoto akaachishwa, nikaambiwa baada ya likizo. Likizo gani, ya nani, hakuna aliyesema. Zuhura sasa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na mamake anamjua kwa simu, tena simu yenyewe anaishika huku macho yako mlangoni akacheze. Ndipo nikasema, kama ni saini ya mtu inayomzuia mwanangu, huyo mtu nitakwenda kumtazama usoni. Nikamwambia Zuhura, nakwenda kukuletea mamako. Nyote mlinisikia. Nilisema kwa sauti.

Ndege ilituweka Nairobi tangu asubuhi mpaka alasiri, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulipopanda, nusu ya abiria walikuwa wasichana waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja amekumbatia bahasha ya kaki. Aliyekaa ubavuni mwangu aliitwa Nafula, wa Bungoma. Akanitazama, akaitazama leso yangu.

"Bibi, hata wewe umepata kazi?"

"Kazi yangu mimi ni kutoa mtu, mwanangu, si kuingia."

Akacheka, nadhani hakuelewa. Chakula kilipoletwa, wali na kuku, alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi. Nikamuuliza ya nini.

"Sijui huko wanakula saa ngapi, bibi."

Tulipofika Riyadh wale wasichana wakaingizwa chumba kimoja, wakakaa chini sakafuni, wangoje kila mmoja aje achukuliwe na kafili wake. Salim naye alichelewa, akanikuta baada ya saa mbili. Nafula alikuwa bado yuko palepale chini. Akanipungia mkono, na kile kifurushi cha wali bado kimo mkononi. Nilitaka nimwendee yule askari nimuulize, mtoto huyu anamngoja nani, na asipokuja je? Salim akanishika kiwiko: "Mama, twende, tafadhali." Twende, twende. Nchi ile kila mtu hukwambia twende.

Salim anakaa Al-Murabba, chumba kimoja na Mtanzania mmoja ambaye kwa heshima alihama wiki zote nilizokuwa pale. Nikamuuliza Salim dadake amemwona mara ngapi.

"Mara tatu, mama."

"Mwaka huu?"

"Tangu aje."

"Na ni mbali kiasi gani?"

"Nusu saa kwa gari."

Sikumpiga kwa sababu ni mtu mzima mwenye ndevu. Akasema hapa si Mkwiro, huwezi kubisha mlango wa watu ukasema nimekuja kumwona dada. Nikamwambia mimi nitabisha.

Al-Murabba mpaka Al-Malqa

Al-Malqa, mtaa anakofanya kazi Mwanamkasi, ni ukuta. Unapita ukuta, unapita ukuta, na nyuma ya kila ukuta kuna nyumba kama skuli nzima, na barabarani hakuna hata kuku. Nilibisha. Aliyenifungulia alikuwa Mwanamkasi mwenyewe, amekonda shingo, mtoto Jood kamkalia kiunoni. Hatukuweza hata kukumbatiana vizuri kwa sababu Jood alinisukuma uso kwa kiganja.

Ndani nikasikia mtu anaita, "Maryam! Maryam!" Nikawa nangoja huyo Maryam atokee. Akaitika mwanangu.

"Maryam ni nani?"

"Mimi, mama. Jina langu lilikuwa gumu."

Gumu! Mwanamkasi ni jina la mama yangu mzazi, nimelitamka tangu sijaota meno. Wao wana herufi zinazotoka kooni kama mtu aliyekabwa na mwiba, wanazitamka bila taabu, lakini Mwanamkasi ni gumu.

Nisiwe mnafiki, Madam Hessa alinipokea vizuri. Alinibusu kipajini, akanipa kahawa na tende, akanikalisha kwenye kochi la heshima. Nikamwambia nilichojia, Mwanamkasi akitafsiri. Madam akaweka mkono kifuani. Akasema, baada ya safari, inshallah. Wiki hiyo wanakwenda Jeddah, baharini, Abu Lulwa anapenda kuzamia na yeye madam anajifunza. Twende sote. "Utakuwa mgeni wetu, Mama. Utakaa na Maryam ufukweni, upumzike. Tukirudi, tutazungumza."

Mgeni. Hilo neno nilimfanya Mwanamkasi alirudie mara mbili. Nikakubali.

Riyadh mpaka Jeddah

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, magari mawili. Abu Lulwa na mkewe kwenye lao, wamepumzika. Sisi kwenye la Mutiso: mimi, Mwanamkasi, watoto wote wawili, na mitungi ya chuma ya hewa ya kuzamia ambayo kila gari likipinda inagongana nyuma kama masufuria ya arusi.

"Shosho, keti mbele na mimi," akasema Mutiso, "huko nyuma mitungi itakunyima amani."

"Mimi si shosho, sina mjukuu Machakos. Mimi ni Bi Mwanakombo."

"Sawa, shosho."

Tumekwenda saa mbili nzima, jangwa kulia jangwa kushoto, simu ikalia. Abu Lulwa amesahau mapezi yake. Hayo ni viatu vya mpira vilivyopanuka kama miguu ya bata, wanavaa wakizamia. Turudi.

"Jeddah hakuna maduka?" nikauliza.

"Yapo, shosho. Lakini bosi anataka yake."

"Alizaliwa nayo?"

"Hiyo ni noma, shosho, usiniulize mimi." Akageuza gari. Saa mbili kurudi, saa mbili kufika tena pale tulipokuwa, kwa ajili ya viatu vya bata. Yeye mwenyewe hakurudi. Alitangulia.

Kwenye kituo cha mafuta walipotungojea, wao waliingia chumba cha familia chenye ubaridi. Sisi watatu tukaletewa sinia la kabsa, tukala chini kwenye kivuli cha gari. Mgeni, mimi, nimekunja miguu baina ya magurudumu. Wali wenyewe ulikuwa mtamu, siwezi kuusingizia, na nyama ya mbuzi imelainika, na zabibu juu. Lakini Jood hakubali mkono wa mtu mwingine, basi Mwanamkasi akamlisha yeye kwanza, tonge kwa tonge, akimchambulia nyama. Alipomaliza, akanyoosha mkono ale yeye, tukasikia: "Yalla!" Twende tena.

Halafu Makka. Nyinyi mnajua ninavyoisikia Makka. Tumeteremka mlima wa Taif, gari linazunguka kama kamba kwenye kigogo, masikio yanaziba, nami nasoma nilichohifadhi. Mara bango kubwa barabarani: Waislamu njia hii, wasio Waislamu njia ile. Mutiso akashika ile.

"Mutiso, unatupeleka wapi? Makka iko kule."

"Najua, shosho. Lakini mimi hawanipitishi. Mimi ni wa Yesu."

"Sasa sisi Waislamu wanne tuzunguke jangwa lote hili kwa ajili yako mmoja?"

"Nisilimishe hapa hapa basi, tupite njia ya mkato. Kesho nikirudi kwa mama yangu Machakos wewe ndiye utamweleza."

Mwanamkasi akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Tangu nifike nilikuwa sijausikia mcheko wake, basi nikanyamaza na hasira zangu, nikaiacha Makka ipite nyuma ya milima. Umra niliifanya baadaye na Salim, Mungu aikubali.

Siku ya kwanza baharini

Tulifika watu wamekwisha swali Isha. Hoteli iko kaskazini ya mji, imezungushiwa ukuta, vyumba vya mbele vinatazama bahari. Changu na Mwanamkasi kilitazama maegesho ya magari.

Asubuhi Madam Hessa akanijia anatabasamu, akaniwekea Jood mapajani. Mtoto ametapika njiani, asitoke juani, nami nipo, si ndio? Wakaenda zao. Lulwa alitaka kuogelea, kwa hivyo Mwanamkasi akaenda kumshikia taulo. Nikakaa chumbani na mtoto anayenililia usoni lugha nisiyoijua, nikihesabu magari. Hivyo ndivyo mgeni alivyopumzika ufukweni. Nilikuja kumwona mwanangu, nikaletewa mtoto wa watu nimlee ili mwanangu amlee wa pili.

Saa kumi alasiri ndipo nikatoka, Jood mkononi, nikaiona bahari. Nzuri, siikatai. Maji ya kijani juu ya mwamba halafu bluu tupu, na daraja la mbao linakwenda mpaka pale mwamba unapokatika. Wazamiaji wamevaa nguo nyeusi za mpira zilizowabana, wanashuka kwa ngazi, wanakwenda kutazama samaki. Wakitoka wanakula kuku na chipsi. Nilitazama kila sahani, wallahi. Samaki hawamtaki, wanataka kumwona tu.

Mwanamkasi alikuwa amekaa juu ya daraja na rundo la taulo. Nikamuuliza mbona hata miguu hajatia majini. Akasema madam hataki. Madam mwenyewe alisikia, akatikisa kidole: "Maryam mafi bahari, hapana bahari! Maryam anazama." Mwanamkasi wa Mkwiro! Aliyejua kuogelea kabla hajajua kujifunga kanga! Nikamwambia amweleze hivyo. Hakueleza. Akakunja taulo.

Anayezama alikuwa madam. Kapteni Sherif alimshusha ngazini mara tatu, na mara tatu akatoka anakohoa na kulia, anang'oa ule mpira mdomoni. Mumewe anamcheka. Nikamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Niliyatazama maji. Yamejaa mpaka ngazi ya juu, saa kumi alasiri, na usiku huo mwezi ni wa kumi na nne. Kama kwetu kabisa. Saa zao na zetu ni moja. Nani hapa asingepiga hesabu hiyo? Bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Alasiri yamejaa, basi kesho asubuhi saa nne yamekupwa, mwamba mkavu.

"Mwambie," nikamwambia Mwanamkasi, "kesho saa nne maji yote haya yatakuwa yameondoka. Nitamshika mkono, tutatembea kwa miguu mpaka mwisho wa mwamba, aone kila kilichomo bila kubeba chuma mgongoni. Na pweza nitamchokolea."

Mwanamkasi akanitazama kidogo. Akatafsiri.

Madam kazaliwa jangwani, bahari haijui. Akapiga makofi kama Lulwa. "Ukifanya hivyo, Mama, omba unachotaka."

"Namtaka mwanangu. Niondoke naye."

Akamgeukia mumewe. Abu Lulwa akavua miwani yake ya kuzamia, akayatazama maji, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta macho. "Tayib," akasema. "Bahari ikiondoka, na Maryam aondoke."

Nilidhani anacheka kwa ukarimu.

Walipokwisha ingia ndani, Kapteni Sherif akanijia, akasema maneno marefu, akilaza kiganja hivi, akikipandisha na kukishusha kidogo. Nikamuuliza Mwanamkasi anasemaje.

"Anasema inshallah, mama."

"Maneno yote yale?"

"Wamisri ndivyo walivyo."

Saa nne asubuhi

Niliomba ufagio jikoni, nikatoa mpini, nikauchonga ncha kwa kisu. Lulwa na Jood nikawavisha viatu vya raba wasikatwe na mwamba. Madam alimwambia Kapteni leo hana somo, akaja na kofia kubwa, kamera na marashi. Saa tatu tuko ufukweni.

Saa nne ikafika. Maji yako palepale. Nikasema yanakawia. Nikachomeka kijiti ukingoni nione yanavyoondoka. Saa tano, kijiti kinalowa vilevile. Nikamwambia madam sasa hivi, sasa hivi. Saa sita jua limesimama juu ya vichwa, Jood analia, marashi yameyeyuka. Lulwa akaniuliza kitu, Mwanamkasi akatafsiri bila kunitazama: "Anauliza, bahari imekataa?" Abu Lulwa akapita na mapezi yake kwapani kwenda kuzamia, akacheka tena, akainua dole gumba.

Saa saba madam akasimama, pua imekuwa nyekundu. "Halas!" Akasema mengi. Mwanamkasi akanitafsiria, "Anasema amechoka." Lakini ndani yake nilisikia neno la uongo, ambalo kwa Kiarabu hata mimi nalijua tangu chuoni kwa Maalim Athumani. Umri wangu wote sijaitwa muongo. Na la mwisho nililielewa kwa mkono wake alivyomwonyesha Mwanamkasi, kisha akaonyesha nyumba: huyu haendi mahali mpaka mimi nitakapotaka.

Wakaondoka wote. Nikabaki na mpini wa ufagio mbele ya bahari. Nataka mniambie, bahari gani ile? Asubuhi iko hapo, mchana iko hapo, alasiri iko hapo, kama maji ya pipa! Hata hayapumui, maji yale. Watu wanaisifu ati safi. Itakosaje kuwa safi na haijawahi kwenda popote?

Kapteni Sherif akaniletea kiti na chupa ya maji. Mutiso alikuwa anaosha gari, akaja naye; Kiarabu anakijua, amekaa miaka mitano. Kapteni akasema, Mutiso akanitafsiria: bahari ya pale kwa siku husogea kiganja tu. Hupungua kidogo msimu wa joto, hurudi msimu wa baridi, basi.

"Na anasema alikuambia jana, shosho."

"Jana aliniambia inshallah."

Mutiso akamuuliza. Wakasemezana. Kisha akawa anatazama viatu vyake.

"Shosho, anasema alikuambia hivi hivi, maji hayatoki. Anasema hata Maryam anajua. Bosi huwaleta hapa kila mwaka, ila madam alikuwa hatoki chumbani mpaka mwaka huu."

Nyuma ya hoteli

Nilimkuta Mwanamkasi nyuma, kwenye karo, anaosha miwani ya kuzamia kwa maji baridi.

"Ulijua."

Hakuinua kichwa. "Nilijua."

"Ukaniacha nisimame na ufagio mbele ya watu tangu saa tatu. Nimeitwa muongo. Nimekuwekea rehani neno langu, nawe unajua halilipiki."

"Sikukuomba uliweke, mama."

Nilitaka kumpiga na ule mpini. Nawaambia kweli. Nikamuuliza, Waarabu wamekupa nini hata hutaki kwenu? Hapo akainuka.

"Hawajanipa kitu. Miaka minne sijapata Ijumaa moja yangu. Lakini nikirudi Mkwiro nitaingia mlangoni kama nani? Ile siku nilipopiga simu Zuhura akaniuliza, wewe nani? Nikasema mimi mama. Akaniambia, 'Mama yuko hapa, anapika.' Na wewe ukacheka. Nilikusikia ukicheka, mama."

Nilicheka. Ni kweli, nilikuwa nakaanga samaki, nikacheka, nikaona mtoto ana maneno. Na wewe Bi Riziki ulikuwepo, ukacheka pia.

"Akikuita mama unaitika," akasema. "Miaka minne unaitika. Ungemwambia tu aseme bibi. Huyu Jood akilia, analia kwangu. Najua si wangu. Lakini huko kuna mtu gani anayenililia?"

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia nani alimwosha yule mtoto, nani alimpeleka zahanati Shimoni kwenye mvua, na kama ningengoja kuitwa bibi angekula nini. Yote ni kweli na yote hayakuwa jibu. Tukaosha miwani iliyobaki.

Meza ya asubuhi

Kesho yake, wakiwa mezani kwa mayai na jibini, nikamshika Mwanamkasi mkono. "Utanitafsiria. Na leo utatafsiri yote."

Nikasimama mbele ya Abu Lulwa. "Mwambie: ulijua bahari ile haiondoki. Umemcheka mwanamke wa umri wa mamako, ukampa ahadi unayojua ni tupu."

Mwanamkasi akamgeukia. Akasema. Nilimtegea sikio, urefu wa maneno yake uwe sawa na wangu.

"Mwambie: na mwanangu pia alijua, akaninyamazia. Hilo ni langu na yeye. Lako wewe ni lile la kwanza."

Akatafsiri na hilo.

Madam akaweka kikombe chini. Yeye hakuwa akijua. Akamgeukia mumewe, akammwagia maneno kama mtu aliyekata gunia la kunde, na hapo sikuhitaji mkalimani: na yeye pia alikuwa amechekwa juani saa nne nzima. Abu Lulwa akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema aibu, una haki, Mama. Kisha, badala ya kunijibu mimi, akamtazama Mwanamkasi.

"Wewe wataka kwenda lini?"

Miaka minne hakuna aliyemuuliza. Si wao, wala Salim, wala mimi niliyevuka bahari kumchukua. Nilikuja kumtoa kama wao walivyomweka.

"Baada ya Ramadhani," akasema. "Halafu sirudi." Madam akaanza kulia, watoto je, na Mwanamkasi akalia naye, lakini hakulirudisha neno lake.

Karatasi ya saini iliandikwa tuliporudi Riyadh, anayo Salim. Msidhani nimewasamehe kwa hiyo. Kumpa mtu ruhusa ya kwenda kwao, miaka miwili baada ya wakati wake, si zawadi.

Kurudi

Tangu Jeddah mpaka Taif sikusema na Mwanamkasi.

"Shosho, mmekosana?" akauliza Mutiso.

"Endesha gari."

Tulipokula kwenye kivuli cha gari, alimlisha Jood kwanza kama kawaida. Kisha akachambua nyama, akaitoa mfupa, akaisukuma upande wangu wa sinia. Nikala. Ndipo akasema, "Miezi mitatu, mama. Tangulia wewe. Mfundishe Zuhura kabla sijaja."

Kwa hivyo ndiyo sababu nimerudi peke yangu. Waarabu hawakunikatalia mwisho wake, na kombe la uganga sikumnywesha mtu kama anavyosema Mwanatumu. Nimetumwa.

Niliposhuka kwenye mashua Zuhura alinikimbilia, "Mama! Mama!", akanitazama nyuma kama nimekuja na mtu. Sikumwitika. Nilimbeba, nikambusu, lakini sikuitika. Sasa mnapita hapa mnamwona amesimama mlangoni anavuta leso yangu, ananiita, nami nimenyamaza, mnasema bibi huyu Uarabuni kumemharibu moyo. Anakasirika mtoto. Anapiga mguu chini. Nangoja. Jana aliivuta leso, akaiachia, kisha akasema "bibi" kwa sauti ndogo, kama anayeniazima kitu, nikaitika haraka mpaka nikamwaga mchele.

Haya, kama kuna jina nimelikosea, au siku nimeitanguliza mbele ya nyingine, njooni mnisahihishe, daftari liko hapa. Lakini mkinisikia ameniita mama nami nimesahau nikaitika, hilo nisahihisheni kwanza, papo hapo, hata kama pana wageni.